Madirisha Sita ya Porfía

Dada yangu Eduvigis alinipigia simu mwezi wa Julai,
baada ya kimya cha miaka mitatu,
wala hakuniuliza hali.
"Nataka mtu wa kusimama nje," akasema,
"mwenye bisibisi."

Nikaenda. Valdivia ilikuwa inanyesha
kama inavyonyesha Valdivia: bila hasira, bila kuchoka,
kama mtu anayehesabu fedha za mwenzake.
Mashua imeegemezwa magogo, mkuku hewani,
na ng'ambo ya mto simba-bahari wa sokoni
wanakoromeana kwa vichwa vya samaki.

Madirisha sita ya plastiki, umri sawa na mwanangu wa kwanza,
yamegeuka rangi ya chai iliyolala,
yamechanika vijiufa kama kisigino.
Na ndani, chini ya kila moja,
sufuria.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Basi wenye mashua hii waliziba.
Wa kwanza kwa silikoni nyeupe,
wa pili, juu yake, nyeusi,
wa tatu kwa lami na kipande cha mfuko wa mbolea,
na dada yangu, wa nne, kwa gundi ya meno bandia,
maana ndiyo iliyokuwa karibu.
Maji yakawasikiliza wote,
kisha yakapita palepale.

Miaka thelathini na miwili aling'oa meno ya watu.
Sasa amepiga magoti na vyombo vyake vya zamani,
anakwangua ufizi wa kila tundu,
anavuta utando wa silikoni, anaunusa,
ananipa niushike kama ushahidi.

Fremu mpya ni za chuma cha pua,
pana kuliko matundu kwa unene wa kidole.
Hapo akanyamaza.
Mstari umechorwa, tepu imebandikwa, msumeno una umeme,
na mkono ambao haukuwahi kutetemeka kinywani mwa askofu
ukatetemeka.
Ili maji yasiingie, tupanue tundu!
Nani angemweleza mama jambo hilo?

Mama. Nyumba yake ya Niebla ndiyo iliyotufunga vinywa.
Mimi nilitaka iuzwe, yeye hakutaka. Ikauzwa.
Fungu lake akalinunulia mashua hii mbovu,
akafuta jina la kale, akaandika Porfía,
yaani ubishi,
kwa herufi kubwa, upande unaotazama barabara
ninayopita kwenda kazini.

Akakata.
Vumbi la fiberglasi likamwagika, likawasha shingo,
na mwanga ukaingia kabini kwa fujo,
ukakuta vitabu vyenye kuvu, soksi moja,
picha ya mama imegeuzwa uso ukutani.
Sikuuliza.

Boliti haikazwi na mtu mmoja.
Yeye ndani na nati, mimi nje juu ya ngazi.
"Kaza."
"Nimekaza."
"Si hivyo! Utaiminya gundi yote itoke.
Iache kidogo ibaki katikati."
Nikaiacha kidogo.
Boliti nane kwa dirisha, madirisha sita.
Hesabu mwenyewe tulisemezana mara ngapi.
Kwenye dirisha la tano uso wake ukaja kwenye kioo,
karibu na wangu, pumzi yake ikiweka ukungu upande wake,
nikaona nyusi zake zimeota mvi.
Hakuna aliyekuwa ameniambia.

Jioni tukakaa ndani, birika likichemka,
sufuria zimepangwa kavu, moja ndani ya nyingine.
Mvua ilitembea juu ya vioo ikitutazama.
Mama amegeuzwa, anatutazama naye.
Kisha: to.
Dirisha la nne.

Eduvigis hakulaani.
Alichomoa sufuria ndogo kuliko zote,
akaisogeza kwa mguu hadi chini ya tone.
"Jumamosi," akasema, akinimiminia chai,
"usisahau bisibisi."